Mzizi Ambao Haukuwepo

Ukiling'oa jino la utoto ukaliona halina mzizi, weka koleo mezani. Usiende kuutafuta. Nawaambia hivi ninyi mnaotoka chuoni sasa, wenye makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya pasi, kwa sababu najua mtataka kwenda kuutafuta. Mimi nilikwenda. Mengine yote nitakayosimulia ni maelezo ya jambo hilo moja, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Nimekuwa tabibu wa meno huku kwetu tangu Simiyu haijawa mkoa, Bariadi tukiwa bado watu wa Shinyanga. Wagonjwa walituita madokta, nasi hatukuwasahihisha. Kituo changu cha kwanza kilikuwa na kiti cha mbao ambacho fundi alikiongezea kibao cha kuegemeza kichwa, na kibao chenyewe kilimfaa mtu mwenye shingo ya twiga. Vyombo tulichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Taa ilikuwa tochi, na aliyeishika ni ndugu wa mgonjwa. Ndugu akiona damu, tochi inahamia darini. Nimeng'oa magego mengi kwa kupapasa, naye mwenye tochi amegeuza uso ukutani akiomba Mungu.

Siku hizi mna mashine ya mvuke na eksirei. Ni vizuri. Ila eksirei haiwezi kukuzuia kama mkono wako una haraka.

Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Shabani, mtu wa Pwani, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alifundisha jinsi jino linavyojitengeneza ndani ya taya. Kipindi chake kilikuwa baada ya chakula cha mchana, tena cha ugali na maharage, kwa hiyo mjue tuliokuwa macho ni wachache. Nilichoshika nilikishika nusu usingizini, kikaja kuamka miaka mingi baadaye.

Alituwekea kipande cha taya ya mtoto wa panya kwenye hadubini, tukapanga foleni kuchungulia. Akasema katikati ya chipukizi la jino kuna fundo dogo la seli. Fundo hilo lenyewe halikui. Kazi yake ni kuwaambia wenzake: huku kueni, ncha ya jino itakuwa hapa. Ncha ikishajulikana, fundo linakufa. Halijaugua wala halijaumia. Kazi yake imekwisha, basi seli zake zinajikunja, zinakatika vipande vidogo, na vipande hivyo vinamezwa na majirani na seli walaji, wale wafagiaji wanaotoka kwenye kinga ya mwili.

Mwenzetu mmoja aliyependa utani akauliza, "Mwalimu, sasa msiba wao uko wapi?"

"Hakuna msiba," Mwalimu Shabani akajibu, bila kucheka. "Hakuna usaha, hakuna uvimbe, hakuna homa. Seli ikiuawa na ugonjwa inapasuka na kuchafua nyumba. Hii inakufa kwa mpango, na wafagiaji wamekwishafika mlangoni."

Akaendelea kusema kwamba hata seli zinazojenga lile ganda gumu la juu ya jino huondoka zote likishamalizika na kutoka nje. Ndiyo sababu ganda likitoboka halijijazi tena: mafundi wake walishakufa. Hilo niliandika kwenye daftari, kwa kuwa lilikuwa na harufu ya mtihani. Alisema pia kwamba jino la utoto linapokaribia kuachia, mzizi wake huliwa polepole na seli za ukoo uleule wa wafagiaji, ili jino la ukubwani lililo chini lipate njia. Katikati ya maelezo hayo ndipo nilipolala. Sitii chumvi. Kwenye daftari langu sentensi inaishia katikati na kalamu imeteleza hadi ukingoni mwa karatasi.

Sikuwa na mwaka kazini alipoletwa Limi. Alikuwa mtoto wa darasa la tatu kutoka Nkoma, mama yake amemshika mkono, shavu la kushoto linamuuma. Lilikuwa jino la utoto la juu, lile la nyuma ya chonge, limeoza hadi limebaki kama kikombe. Nikampiga ganzi, nikashika koleo, nikajiandaa kwa vita. Jino likatoka kama punje ya mahindi mabichi.

Lilitoka kirahisi mno, na hicho ndicho kilichonitia hofu. Nikaligeuza kwenye mwanga wa tochi. Juu palikuwa na jino, chini hapakuwa na kitu, ni kingo zilizochongoka tu. Nikasema moyoni, nimevunja. Mizizi imebaki ndani, itaoza, mtoto atavimba, na mganga mkuu wa kituo atauliza nilisomea wapi. Nikachukua kile chuma chembamba cha kunyanyulia mizizi, nikaingia kwenye kidonda kutafuta.

Nilikuta kitu kigumu, nikafurahi. Nikakinyanyua kikaja. Kiliposimama kwenye pamba mkononi mwangu niliona jino dogo jeupe, limelowa, ncha zake mbili zimetimia, na chini lina uwazi kama kofia, na ndani ya kofia nyama laini ya waridi. Lilikuwa jino zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Halikuwa mzizi. Lilikuwa jino lake la ukubwani, ambalo lilikuwa limebakiza muda mfupi tu kutoka lenyewe, njia ikiwa imeshafagiliwa.

Mama akauliza, "Tayari, dokta?"

"Tayari. Na mzizi nimeutoa."

"Wabeja," akasema. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Nilimpa mtoto pamba ya kung'ata, nikaandika kwenye daftari la wagonjwa kuwa limeng'olewa jino moja. Lile dogo nikalitia kwenye kichupa cha vidonge nikakifungia kabatini. Nikiwa mkweli, siku hiyo sikuhuzunika. Niliona aibu, na hofu ya kujulikana. Huzuni ilikuja baadaye, na ikakaa.

Kichupa hicho nilihama nacho kila nilipohamishwa.

Aliyenieleza kosa langu vizuri hakuwa mwalimu wala kitabu. Alikuwa mfugaji mmoja wa Shishiyu, Mzee Gamaya, niliyemng'oa gego miezi michache baadaye. Mnajua wafugaji wetu: ng'ombe hanunuliwi kabla hajafunguliwa kinywa, kwa kuwa umri wake uko kwenye meno. Tukawa tunangoja ganzi ishike, mdomo wake umeanza kulala upande mmoja, naye haachi kuongea. Aliokota jino la mtoto aliyetoka kabla yake, lililokuwa kwenye sahani, akaligeuzageuza.

"La kuachia hili," akasema, maneno yakimtoka yamepinda.

"Umejuaje, bhabha?"

"Halina mzizi. Hata ya ndama ndivyo. Unayaokota zizini, mzizi hakuna. Unaliwa huko ndani." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani shuleni hawakuwaambia?"

Nikamwambia walituambia. Sikumwambia nilikuwa wapi walipotuambia. Jioni ile nilifungua daftari langu la chuo, nikaiona ile kalamu iliyoteleza, nikaimalizia sentensi kwa mkono wangu mwenyewe.

Kuanzia hapo nilikuwa na taratibu zangu, na ninyi mnaweza kuzichukua. Kabla ya kung'oa jino la mtoto, uliza umri, kisha tazama jino pacha la upande wa pili. Kama la pili linacheza, na hili liko njiani. Usizamishe midomo ya koleo chini ya ufizi wa mtoto, shika juu tu. Likitoka bila mzizi, pitisha kidole chini yake: mzizi uliovunjika una ukingo mpya, mkali, unaong'aa, mzizi ulioliwa una ukingo wa mashimomashimo, kama mkate uliogugunwa na panya. Ukiona hivyo mpe mtoto pamba, mpe jino lake akalitupe juu ya paa kama wenzake, umwite anayefuata. Mkono uliotulia hauhitaji mtu wa kuusifu.

Sasa niingie kwenye habari ya meno ya plastiki, ambayo hata leo mtaikuta.

Mtoto wa miezi michache akiharisha na kuchemka, kuna nyumba ambazo bibi atafunua ufizi wake, ataona penye chonge pamevimba kidogo na kuwa peupe, atasema mtoto ana meno ya plastiki, yasipotolewa atakufa. Kuna watu wa kuyatoa. Wengine hutumia spoku ya baiskeli iliyonolewa. Wanachimbua kitu cheupe, laini, wanamwonyesha mama, na mama anaona kwa macho yake kwamba aliambiwa kweli. Mtoto anarudi na kuharisha kulekule, na kidonda juu yake. Wengine hatukuwawahi.

Kwa miaka mingi nilipambana na jambo hilo kwa ukali. Nilisimama kliniki ya watoto nikatangaza, "Hakuna meno ya plastiki!" Akina mama waliitikia, wakapiga na makofi, kisha wakaenda walikokuwa wanakwenda. Ilinichukua muda mrefu kuona upumbavu wangu. Nilikuwa namwambia mtu kwamba hakuona alichokiona. Kitu cheupe kipo. Ni jino lenyewe la utoto likiwa bado halijakauka, katikati ya kujengwa, lile fundo la Mwalimu Shabani limeshakufa na kusafishwa, mafundi wengine bado wako kazini. Mwenye spoku anaingia kwenye nyumba isiyoezekwa anawatoa mafundi nje.

Na ndivyo nilivyofanya mimi, tofauti ikiwa koti na ganzi. Hilo nalo nililiona, lakini sikulisema kwa mtu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, hapa Bariadi, asubuhi moja aliingia mama mmoja wa makamo amevaa khanga mbili safi, nyuma yake binti amebeba mtoto mchanga mgongoni. Yule mkubwa akanisalimia kwa Kisukuma, kwa heshima zote, akiniita mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu, yaani salama tu, ingawa haikuwa salama hata kidogo.

Aliitwa Bibi Kwandu, wa Nkoma, na binti alikuwa mke wa mwanawe. Mtoto, Masunga, alikuwa wa miezi sita, siku ya tatu anaharisha, macho yameanza kuingia ndani. Nikaita muuguzi alete maji ya chumvi na sukari ya pakiti, tukaanza kumnywesha kwa kijiko papo hapo. Nikawaambia anatakiwa wodi ya watoto sasa hivi.

"Tutakwenda," Bibi Kwandu akasema. "Lakini huyu mtoto ana meno ya plastiki. Nimeyaona. Mtu wa kuyatoa anatungoja nyumbani. Huyu mkamwana amekataa, anasema mpaka dokta wa meno aseme. Basi sema, dokta, twende zetu."

Binti akasema taratibu, "Mimi sitaki achimbwe." Aliposema alifunika mdomo kwa kiganja, kama mtu mwenye jambo la kuficha. Kiganja kiliposhuka nikamwangalia vizuri. Juu, kushoto, nyuma ya chonge, palikuwa na pengo.

Nikamuuliza jina. Akasema Limi. Nikamuuliza kama aliwahi kung'olewa jino akiwa mdogo, na wapi. Akasema ndiyo, akataja kituo. Hakunikumbuka. Mimi nilikuwa nimenenepa, na yeye siku ile alikuwa amefumba macho.

Nilifanya kwanza kazi yangu. Nikanawa, nikapitisha kidole cha shahada juu ya ufizi wa mtoto, kulia na kushoto, nikamwomba Bibi Kwandu anawe naye apitishe. Palikuwa pamevimba sawa pande zote mbili.

"Bibi, ulichokiona kipo," nikasema. "Sitakubishia. Ni cheupe na ni laini. Lakini ni chonge lake linalojengwa."

"Wote mnasema hivyo."

"Ninyi mnalima pamba. Mkishavuna, miti yake mnafanyaje?"

"Tunang'oa, tunachoma moto. Wadudu wasilale mle wakangoja msimu mwingine."

"Ndani ya ufizi kuna wang'oaji wa namna hiyo. Kila kilichomaliza kazi yake wanakiondoa wenyewe. Wewe ukiingia na chuma, utang'oa mche, maana masalia walishayaondoa."

Akafikiri. Si mtu wa kudanganywa na mfano mzuri. "Dokta," akasema, "maneno yako matamu. Huyu akifa usiku, nitamwambia nini mwanangu? Kwamba dokta alinisimulia habari za pamba?"

Hapo nilijua kwamba akiondoka na hayo tu, mtoto atachimbwa. Wodi ilikuwa hatua chache, lakini wangepita getini kama wengine walivyopita. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho sikuwa nimewahi kukitumia. Nikafungua kabati, nikatoa kichupa, nikakiweka juu ya meza.

"Tazama hili."

Akalimwagia kiganjani. Jino lilikuwa limekauka, limekuwa na rangi ya njano kidogo, lakini ncha zake zilikuwa zilezile.

"La nani?"

"La huyu," nikasema, nikimwonyesha Limi. "Alikuja kwangu mtoto. Jino lake la utoto lilitoka halina mzizi, kwa sababu mwili ulikuwa umeshaula, nami sikujua. Nikafikiri nimebakiza kitu kibaya ndani. Nikachimba. Nikatoa hili. Lingekuwa hapo lilipo pengo."

Mtoto alikuwa anamung'unya kijiko. Limi aliupeleka ulimi wake kwenye pengo. Niliona shavu likituna.

"Mama yangu alisema ulitoa mzizi," akasema.

"Nilimdanganya."

Bibi Kwandu akalitazama jino, kisha mimi. "Na ulikuwa na vyombo vya serikali," akasema. "Na taa."

"Na tochi, ndiyo. Na nilikuwa nimesoma. Huyo anayewangoja nyumbani ana nini kuliko mimi?"

Alilirudisha jino kwenye kichupa, akajifunga khanga yake vizuri, akamchukua Masunga mikononi mwa mama yake na kumpakata mwenyewe. "Wodi iko wapi?" akauliza. Mlangoni aligeuka akasema, kama anayejisemea, "Mtu hajizulii kosa kama hilo."

Limi alibaki nyuma kidogo. Nikamwambia samahani. Neno lilikuwa limechelewa miaka mingi na lilisikika hivyo. Alinyoosha mkono juu ya meza, akakichukua kichupa.

"Ni langu," akasema, akatoka.

Masunga alikaa wodini siku nne, akatoka mzima. Mimi nilistaafu mwezi uliofuata. Waliniaga kwa keki na saa ya ukutani, saa yenyewe inawahi kwa dakika kumi, nami nimeiacha hivyo. Limi sikumwona tena wakati ule. Kusema kweli nilimngoja. Nilifikiri huenda amekwenda kunishtaki, na nikaona ana haki, na siku nyingine nilitamani afanye hivyo ili yaishe.

Miaka imepita. Mwaka huu, mwezi wa kuvuna pamba, nilikuwa nje napepeta mpunga, nikaona mwanamke anashuka kwenye pikipiki na mtoto wa kiume wa miaka sita, ameng'ang'ania kitu kwenye ngumi na kulia kwa sauti ya kukatisha tamaa. Alikuwa Limi. Tukasalimiana kama watu wanaofahamiana kidogo.

"Jino limemtoka njiani tukija sokoni," akasema. "Wenzake wamemwambia mzizi umebaki ndani utaoza. Hanyamazi. Nikasema nimlete kwako."

Masunga alifungua ngumi. Jino la mbele la chini, dogo, safi, halina mzizi. Nikamwomba afungue mdomo. Nilitazama chonge kwanza. Zilikuwepo zote, juu na chini, kulia na kushoto, zimesimama mahali pake. Nilizihesabu mara mbili, ingawa ni nne tu.

"Mzizi wangu uko wapi?" mtoto akaniuliza.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze habari za wafagiaji, lakini Limi aliwahi. Alichuchumaa mbele ya mwanawe, akaondoa kiganja alichozoea kufunikia mdomo, akavuta shavu lake kwa kidole hadi pengo likaonekana lote.

"Unaona hapa? Huyu bibi alinitafutia mzizi ambao haukuwepo," akamwambia. "Wewe wako umeliwa na waliotakiwa kuula. Hakuna atakayekuchimba."

Mtoto aliliangalia pengo, akaniangalia mimi, akaacha kulia. Nikamwelekeza upande ambao paa langu liko chini, akarudi nyuma hatua mbili, akalirusha, tukalisikia wote watatu likigonga bati.